NYANDA ZA JUU KUSINI: NJOMBE NA MAKAMBAKO KWA MSAFIRI WA VISIWANI

Kila unapokaribia msimu wa likizo, wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa kawaida hufika katika ofisi zetu za habari wakiuliza mahali pa kwenda. Wengi hutaja Dar es Salaam, na wachache Arusha. Mara chache mno husikika mtu akiitaja Njombe. Hata hivyo, mkaazi wa Unguja anayekula chipsi Forodhani jioni huenda tayari amekwishaonja matunda ya ardhi hiyo bila ya kujua, kwani Njombe na jirani yake Mbeya ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha viazi mviringo. Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza wasomaji wetu sehemu hiyo ikoje, kuna nini cha kutazamwa, na mambo gani mtu aliyezoea joto la pwani anapaswa kuyajua kabla ya kufunga mkoba wake. Mwandishi amefika huko zaidi ya mara moja, na baadhi ya yatakayosemwa hapa aliyajua baada ya kuadhirika.

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Ndani yake mna Wilaya za Njombe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa, pamoja na mji wa Makambako ambao una halmashauri yake. Mji wa Njombe wenyewe umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ili msomaji apate kipimo, hakuna kilima katika Unguja wala Pemba kinachofikia hata mita 150. Jambo hilo la mwinuko ndilo ufunguo wa mengine yote: baridi, mvua, mazao, maua, na hata namna ya kupika maharage. Maji hayahitaji kufikia nyuzi 100 ili yachemke huko. Huchemka kwenye nyuzi zipatazo 93, na kwa hiyo maharage huchukua muda mrefu zaidi jikoni na mgeni asiyejua humlaumu mpishi bure.

Makambako ni mlango. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo, na hapo hapo hujitenga barabara ya kuelekea Njombe na Songea, iliyowekewa lami katika miaka ya 1980. Reli ya TAZARA nayo hupita Makambako. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Katika njia nzima, sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote ni ile ya kupanda kutoka bonde la Kilombero, pale Mlimba, hadi Makambako. Reli haiwezi kukwea mlima kama mbuzi. Inahitaji mteremko mdogo sana, na kwa hivyo ilibidi milima itobolewe mahandaki na mabonde yavukwe kwa madaraja marefu. Abiria anayeipita sehemu hiyo mchana, kichwa dirishani, huona kazi ambayo kwa maoni ya mwandishi inastahiki kuhesabiwa miongoni mwa vivutio vya nchi hii, ingawa haimo katika vitabu vingi vya watalii. Ratiba ya treni za abiria imekuwa ikibadilika mara kwa mara katika miaka ya karibuni, hivyo ni vyema kuuliza stesheni kabla ya kuipangia safari.

Wengi huenda kwa basi. Kutoka Bandari ya Malindi mtu huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, hulala huko, na alfajiri hupanda basi katika kituo cha Mbezi. Safari ni ya siku nzima, zaidi ya kilomita 600 hadi Makambako na nyengine zipatazo 60 hadi Njombe. Barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambapo twiga na nyumbu huonekana kwenye viti vya basi bila ya kulipia kiingilio, kisha hupanda mlima wa Kitonga na kuendelea hadi Iringa na Mafinga. Kuanzia Mafinga hewa hubadilika. Abiria wa huko huanza kutoa makoti mikobani, na msafiri wa visiwani hubaki akitazama.

Makambako penyewe si mahali pa kupiga picha. Ni mji wa biashara, wenye upepo mwingi, malori, magunia ya viazi na mbao za misindano. Lakini ni mahali pazuri pa kuijua nchi, kwani watu wa Mbeya, Songea, Iringa na Dar es Salaam hukutana hapo kwa sababu ya njia panda. Mgeni akiamkiwa "kamwene," ajue kuwa hiyo ndiyo salamu ya Wabena na Wahehe, na aitikie kwa furaha. Wazee wa huko huthamini salamu kama tunavyoithamini sisi, na haipendezi kuuliza bei kabla ya kuuliza hali.

Ukielekea kusini, ardhi huwa ya vilima vya kijani vilivyopandwa chai, misindano na miwati. Miti ya miwati ilipandwa kwa wingi na kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, kwa ajili ya maganda yake yanayotumika katika kutengeneza ngozi. Siku hizi zao linalozungumzwa zaidi ni parachichi, ambalo husafirishwa hadi nchi za ng'ambo na limewabadilishia wakulima wengi maisha. Mjini Njombe mna maporomoko ya mto Ruhuji, ambayo huonekana karibu na barabara kuu na hayahitaji safari ya pekee. Mna pia kiwanda cha maziwa kinachotengeneza jibini kwa ufundi wa Kitaliani, kitu ambacho mgeni hakitarajii, na ambacho ni zawadi nzuri ya kupeleka nyumbani kwa kuwa hakiharibiki haraka.

Kivutio kikubwa, hata hivyo, kipo Makete. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 412.9, sehemu yake nyengine ikiwa katika Mkoa wa Mbeya. Hifadhi nyengine tulizozizoea zimewekwa kwa ajili ya wanyama. Hii ni ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuwekwa kwa ajili ya mimea, na hasa maua. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Uwanda wake upo katika mwinuko wa mita zipatazo 2,600, na humo mmehesabiwa aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Hakuna tembo wala simba. Mtu hutembea kwa miguu katika majani mafupi yaliyolowa umande, na mbele yake ni rangi: njano, zambarau, nyeupe na nyekundu, hadi upeo wa macho. Katika misitu iliyopakana na uwanda huo anaishi kima aitwaye kipunji, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, ingawa wawindaji wa huko walikuwa wakimjua tangu zamani.

Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapokosea. Likizo ya Juni na Julai ndiyo inayopendwa, lakini katika miezi hiyo uwanda wa Kitulo ni mkavu na maua hayapo. Sisi visiwani tuna misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja tu mrefu, unaoanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili au Mei. Maua hufuata mvua hiyo, na huanza kupendeza kuanzia Disemba hadi Aprili. Kwa hivyo mwenye watoto wa skuli akitaka waone maua, na aipange safari katika likizo ya Disemba, akijua kwamba atalowa na kwamba baadhi ya njia za udongo zitakuwa na utelezi. Anayetaka njia kavu na anga safi na aende katikati ya mwaka, ila aisahau habari ya maua.

Kufika Kitulo kumekuwa kwepesi zaidi kuliko zamani. Barabara ya kutoka Njombe hadi Makete, yapata kilomita 107, imewekewa lami katika miaka ya karibuni. Wanaotokea upande wa Mbeya hupanda kutoka Chimala kwa njia inayoitwa Hamsini na Saba, jina lililotokana na idadi ya kona zake. Mwandishi alijaribu kuzihesabu akapotea kwenye ya thelathini na kitu, kwa sababu alifumba macho. Kwa Mtanzania, kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana kikilinganishwa na kinacholipwa na mgeni wa nje. Lakini ni lazima mtu aonyeshe kitambulisho kuwa ni raia. Wapo waliofika getini bila ya kitambulisho wakidhani kwamba lafudhi yao inatosha.

Maua hayo yana adui. Baadhi ya okidi za Kitulo huwa na viazi vidogo chini ya ardhi, na viazi hivyo nchini Zambia husagwa, huchanganywa na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda, ambacho hukatwa vipande na kuuzwa mijini. Mahitaji yalipozidi, okidi za huko zikapungua, na wafanyabiashara wakavuka mpaka kuzitafuta Nyanda za Juu Kusini. Okidi ikichimbwa kiazi chake imekwisha; haichipui tena kama muhogo. Kuwekwa kwa hifadhi kulikuwa, kwa sehemu kubwa, jawabu la biashara hiyo. Sisi tuliokwishaona mikoko ikikatwa na matumbawe yakivunjwa tunaifahamu hadithi hii vizuri. Msafiri anakumbushwa kwamba kung'oa ua ndani ya hifadhi ni kosa, hata kama ni moja na hata kama ni kwa ajili ya mama.

Upande wa magharibi na kusini wa mkoa husimama Milima ya Livingstone. Jina hilo si geni kwetu. Ile nyumba ya Livingstone iliyopo nje kidogo ya Mji Mkongwe, ambayo kwa miaka mingi ilitumiwa na Shirika la Utalii, ndimo alimokaa mmishionari huyo alipokuwa akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya Bara mwaka 1866. Milima hiyo huporomoka ghafla hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake upo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari na kina chake hufikia mita 700. Mtu anaweza kutetemeka kwa baridi asubuhi huko Makete, na siku ya pili kuoga ziwani akiwa na jasho.

Ufukwe unaojulikana zaidi ni Matema, katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, pale milima inapokutana na ncha ya kaskazini ya ziwa. Mtu wa visiwani atauona ufukwe huo kuwa ni wa ajabu kwa namna yake. Mchanga upo, mawimbi yapo, mitumbwi na wavuvi wapo, lakini maji hayana chumvi, wala hayapwi wala kujaa. Asubuhi hadi jioni ziwa limesimama pale pale, na jicho lililozoea bamvua hubaki likingojea. Mwendo wa maji huletwa na upepo tu, hasa ule wa kusini ambao wavuvi huuita mwera, na ukivuma katikati ya mwaka huwa si wa kuchezewa. Kitoweo ni usipa, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wetu, na mbasa. Karibu na Matema, kijijini Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mkono na kuvipamba kwa udongo mweupe na mwekundu, kisha hupelekwa sokoni kwa mitumbwi. Vyungu hivyo vinafika hadi masoko ya mbali, na anayenunua Ikombe humlipa mfinyanzi mwenyewe.

Uhusiano wa ziwa hilo na Zanzibar ni wa zamani na una pande mbili. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiswahili walijenga jahazi katika ziwa hilo. Mmoja wao, Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, aliweka makao yake Nkhotakota katika nchi ambayo leo ni Malawi. Kutoka huko lugha na dini vilienea. Kutoka huko pia watu walivushwa ziwa, wakapelekwa kwa miguu hadi Kilwa, na wengi wao wakaishia katika soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873. Mgeni kutoka Unguja anayekaa Matema akitazama ng'ambo atakumbuka hayo apende asipende.

Wabena wana historia yao ambayo haijaandikwa vya kutosha. Walipigana na Wahehe na Wangoni, na katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905 walishiriki chini ya mtwa wao Mbeyela, na kituo cha misheni cha Yakobi kilishambuliwa. Msitu wa Nyumbanitu bado unaheshimiwa na wazee kuwa ni mahali pa matambiko. Haiingiwi ovyo, mgeni huanzia kwa wazee wa kijiji, kama vile mtu anavyopaswa kufanya akitaka kuingia katika mizimu ya kwetu. Kuhusu vinywaji, msafiri wa Kiislamu na afahamu kwamba ulanzi, unaogemwa katika mianzi wakati wa mvua, ni mtamu ukiwa mpya na hulewesha ukikaa. Wenyeji ni wakarimu na huukaribisha kwa nia njema. Mtu aulize kilichomo kikombeni, akatae kwa upole, na aombe chai, hakuna atakayechukia.

Sasa tuje katika afya, jambo ambalo kwa hakika ndilo lililotufanya tuiandike makala hii.

La kwanza ni baridi. Katika Juni na Julai usiku wa Njombe huwa mkali, na Makete sakitu huonekana asubuhi juu ya majani, mweupe kama chumvi. Juba na shuka hazitoshi. Ichukuliwe sweta nzito, koti, soksi na kofia, na kwa wazee na watoto iongezwe blanketi. Maji ya udhu ya alfajiri na yaombwe ya moto tangu usiku. Nyumba nyingi za wageni hutoa ndoo bila ya ubishi.

La pili ni hatari zaidi, na linatokana na hilo la kwanza. Kwa sababu ya baridi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na madirisha. Mwandishi aliwahi kuletewa jiko kama hilo na mhudumu mwema katika nyumba moja ya wageni, akalipokea kwa shukurani na kulala. Aliamka usiku kichwa kikimgonga, miguu haimbebi, na akajikokota hadi mlangoni kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina harufu wala rangi wala haiwashi macho. Ikivutwa hushika damu mahali pa oksijeni, mwili ukakosa pumzi huku mtu akiendelea kupumua. Mwenye kulala huzidi kulala. Kila mwaka watu hufa hivyo katika sehemu za baridi, na mara nyingi ni familia nzima. Jiko liotwe nje au ukumbini milango ikiwa wazi, na litolewe kabla ya kulala, hata likionekana limezimika. Atakayehisi kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu akiwa karibu na mkaa atoke nje mara moja na kuwaamsha wenziwe.

La tatu ni malaria, na hili linawahusu hata wasiosafiri. Zanzibar imeishusha malaria hadi chini ya asilimia 1, na kwa sababu hiyo wengi wetu, hasa vijana, hawana tena kinga ya mwili waliyokuwa nayo wazee wao. Mji wa Njombe, kwa baridi yake, ni miongoni mwa sehemu zenye malaria kidogo sana Bara. Lakini njia ya kwenda huko hupita Morogoro, reli hupita bonde la Kilombero, na ufukwe wa Matema ni sehemu ya joto yenye mbu wengi. Msafiri anaweza kukaa siku kumi milimani bila ya kuumwa na mbu, akaumwa usiku mmoja tu ziwani. Chandarua kitumike kila usiku nje ya milima. Aidha, baadhi ya sehemu za ukingo wa Ziwa Nyasa zina kichocho. Anayetaka kuoga awaulize wenyeji, na aepuke maji yaliyotuama kwenye matete.

Vimelea vya malaria huchukua wiki moja hadi mbili, na pengine zaidi, kabla ya homa kutokea. Kwa hivyo mtu hurudi nyumbani akiwa mzima, akapokewa, akatembelea ndugu, kisha homa ikaja. Mbu wa hapa akimuuma, huipeleka malaria hiyo kwa jirani ambaye hajawahi kuvuka bahari. Kila aliyerudi kutoka Bara na kupatwa na homa ndani ya mwezi mmoja anatakiwa afike katika kituo cha afya kilicho karibu naye ndani ya saa 24, aeleze alikotoka, na apimwe. Asinywe dawa za maumivu akangojea, wala asiseme kuwa ni uchovu wa basi.